Barua ya Wazi kwa Watengenezaji na Waagizaji wa Mabuti ya Mpira

Kwa waungwana wenye viwanda vya mabuti ya mpira, kwa matajiri wanaoyaagiza kutoka ng'ambo, na kwa mabwana wa mashamba na viwanda wanaoyagawa kwa wafanyakazi wao.

Naomba mnipe masikio yenu juu ya jambo ambalo kwa mtu aketiye ofisini huenda likaonekana hafifu, lakini kwa mtu aamkaye alfajiri kwenda zizini, shambani au kwenye meza ya kupasulia samaki, ni jambo la kutwa nzima. Mabuti marefu ya mpira, yale ambayo watu wa huku huyaita gambuti, hayakupimwa kwa mguu mfupi. Wayo mdogo umefikiriwa, maana namba hushuka moja moja hata zikafika 36 na pengine 35. Lakini mguu wenyewe, tangu kifundo hata goti, ambao ndio hasa buti refu limeundwa kuusitiri, haukufikiriwa na mtu. Kwa hiyo mwanamke wa kimo kifupi hupata buti lililomkaa sawasawa vidoleni na kisiginoni, na papo hapo likampita shavu la mguu, likafika nyuma ya goti pale panapokunjika, likamzuia kuchutama, kupanda mlima, kupiga magoti na hata kuketi.

Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, na kimo changu ni kifupi, kwa kuwa ndivyo tulivyoumbwa katika ukoo wetu. Lau jambo hili lingekuwa langu peke yangu nisingechukua karatasi. Nawasemea vilevile wachuma chai wa milima ya Amani, ya Rungwe, ya Mufindi na ya Kericho, ambao hutembea katika umande na mvua kati ya michai iliyopogolewa, yenye vijiti vinavyochoma. Nawasemea wakata mkonge wa Korogwe, ambao kila jani walikatalo lina mwiba nchani. Nawasemea wanawake wa viwanda vya minofu ya sangara huko Mwanza, wasimamao saa nyingi juu ya sakafu yenye maji na barafu, wamevaa mabuti meupe. Na wale wasafishao samaki katika soko la Feri, Dar es Salaam. Katika kazi hizi zote buti refu ni hifadhi ya mwili, na hifadhi isiyomkaa mwenye mwili huishia kuning'inizwa ukutani.

Niwaeleze kwa karibu yanayotokea, kwa sababu mwenye kuunda kitu huenda asipate nafasi ya kukiona kikifanya kazi. Mkamaji huketi juu ya kigoda kifupi ubavuni mwa ng'ombe, magoti yamekunjwa mno, ndoo imebanwa katikati yao, na uso umeelekea kiwele. Katika mkao huo nyuma ya goti hufunga kabisa, paja likakutana na shavu la mguu, na mahali hapo penye kano mbili ngumu za pembeni na ngozi nyororo katikati ndipo ukingo wa buti unapoingia. Mpira hauna huruma ya kitambaa. Ukingo wake una upindo mnene uliowekwa makusudi ili usipasuke, na upindo huo hukandamiza kano upande mmoja na kuchubua ngozi upande wa pili, huku jasho, maji ya kuoshea kiwele na vumbi la pumba vikijikusanya hapo hapo. Mkamaji akiinuka baada ya ng'ombe wa pili, huona mstari mwekundu umezunguka mguu. Baada ya wiki kadhaa za kazi ya asubuhi na jioni mstari huo huwa kidonda, na kidonda kilichoko mahali panapokunjika hakipati kupumzika hata kikapona.

Hayo ni ya kuketi. Ya kutembea yana taabu yake nyingine. Mguu unapoinuliwa kupanda mteremko, goti hukunjika na ukingo wa buti husukumwa chini na paja. Buti likisukumwa chini, kifundo chake hujikunja visivyo na kisigino cha mwenyewe huchomoka ndani. Tena buti refu huwa na umbo lake: jembamba kifundoni, pana shavuni, kisha likajibana kidogo kuelekea mdomoni. Umbo hilo likipimwa kwa mguu mrefu, upana wa buti hukaa juu kuliko shavu la mguu mfupi, na wembamba wa kifundo nao hukaa juu ya kifundo cha mvaaji. Ndiyo sababu mtu mfupi hulalamika kwa mambo mawili yanayoonekana kupingana, kwamba buti linambana na kwamba buti linampwaya; na muuzaji asiyejua huona kwamba mteja ni mgumu wa kuridhika, ilhali yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Watu hawakukaa kimya. Wako wanaokunja mdomo wa buti kuelekea nje, wakapata nafuu ya siku chache. Lakini mkunjo ule huwa mfereji wa kukingia maji, matope na mkojo wa ng'ombe, na plastiki, ambayo ndiyo mpira wa mabuti haya ya madukani, ikikunjwa mahali pamoja kila siku hupasuka pale pale, tena mapema. Wako wanaokata. Nimeketi na fundi viatu wa mjini kwetu nikamtazama akifanya kazi hiyo: alichora duara kwa chaki, akayapitisha makali ya kisu aliyoyapasha moto kwenye jiko la mkaa, akaenda polepole ili mkato usiende upogo. Mpira ulikatika vizuri. Kilichokataa ni bitana ya ndani, ile soksi ya kitambaa iliyoshikamana na plastiki, kwa kuwa ikishakatwa nyuzi zake hubaki wazi, zikanywa maji kutoka juu na kuyapeleka chini hata kwenye vidole, na baada ya muda bitana yote hubanduka. Tena pamoja na kipande kile cha juu umeondoka ule upindo mnene uliokuwa ukiushika mdomo, kwa hiyo mdomo mpya hulegea na hutatuka upesi. Fundi alifanya kwa ustadi na kwa ujira wa haki, na bado mnunuzi amelipa mara mbili kwa buti ambalo umri wake umepunguzwa nusu.

Njia ya tatu ndiyo inayopendekezwa madukani. Nilipouliza gambuti la mguu mfupi katika duka moja la zana za kilimo, kijana muuzaji, mwenye adabu zake, alinijibu hivi:

"Shikamoo mama. Namba 36 ndiyo hiyo hiyo, hakuna fupi. Kama linazidi, chukua la watoto."

"Marahaba, mwanangu. La watoto linafika namba ngapi?"

"Linafika 34, mama. Lakini utavaa bila soksi."

Sikumlaumu, kwa maana alinipa kilichokuwa dukani. Walakini buti la mtoto limeundwa kwa kucheza mvuani. Soli yake ni nyembamba, mikato yake ya chini haishiki sakafu yenye utelezi, na plastiki yake haikukusudiwa kukabili mkojo wa mifugo, mafuta ya samaki wala mwiba. Kumpa mtu mzima vazi hilo kwa kazi ya hatari ni kumvika alama ya kinga bila kinga yenyewe.

Basi mtu aliyechoka na michubuko hufanya nini? Huvua. Hapo ndipo jambo hili linapotoka katika starehe na kuingia katika uhai. Ng'ombe, panya na wanyama wengine huweza kutoa katika mkojo wao vijidudu vya ugonjwa ambao mwezi wa Julai 2022, ulipozuka mkoani Lindi, wananchi waliusikia kwa jina la homa ya mgunda. Vijidudu hivyo hukaa katika maji na tope, na huingia mwilini kwa urahisi kupitia ngozi iliyochubuka. Tafakarini hali ya mkamaji ambaye buti limemchubua, na kwa sababu ya mchubuko huo akaliacha nyumbani, akaingia zizini na ngozi iliyo wazi. Katika mashamba ya umwagiliaji kama yale ya Mwea, viluwiluwi vya kichocho vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Na mkulima wa majaruba husema kweli asemapo kwamba buti linalompwaya kifundoni hunyonywa na tope likabaki nyuma, mguu ukatoka mtupu. Buti lililoushika mguu wake vizuri lingetoka pamoja naye.

Na nyoka je? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa, na makadirio yake ni kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa kila mwaka ulimwenguni, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wanaoumwa zaidi ni watu wa mashamba, na sehemu inayoumwa zaidi ni wayo na mguu wa chini. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, hana desturi ya kukimbia. Hulala kimya katika majani makavu akitegemea rangi yake imfiche, na huuma akikanyagwa au akikaribiwa mno. Buti la kufika nusu ya muundi tu lingezuia mengi ya meno hayo. Hatuhitaji buti lifike gotini ili litulinde. Twahitaji buti ambalo tutakubali kulivaa kutoka asubuhi hata jioni.

Nimejiuliza kimo hiki kilitoka wapi, na nadhani historia ya vazi lenyewe inajibu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Arthur Wellesley, Duke wa Wellington, aliyekuwa jemadari wa Uingereza, alimwagiza fundi wake wa viatu, Hoby wa mtaa wa St James's, London, ambadilishie buti la kijeshi la siku zile, alifanye laini, la ngozi ya ndama, limkae mguuni mtu apandaye farasi na liweze kuvaliwa hata jioni. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki tena kwa jua wala haugandi kwa baridi. Mmarekani mwenziwe, Hiram Hutchinson, alipata haki ya kuitumia hekima hiyo kwa viatu, akaenda Ufaransa, na mwaka 1853 akaanzisha kiwanda cha mabuti ya mpira kwa wakulima ambao hadi hapo walikuwa wakienda mashambani na mitalawanda. Mwaka 1856 kiwanda kingine kikafunguliwa Edinburgh, na wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 kiwanda hicho kiliwatengenezea askari waliokaa ndani ya mahandaki yenye maji zaidi ya jozi milioni moja. Mpanda farasi, mkulima wa Ulaya, askari wa handakini: hao ndio waliolilea buti hili hata likakua. Sisemi kwa lawama, kwa kuwa kila mmoja alitengenezewa kilichomfaa, na kufaa huko ndiko ninakokuombeni nasi tukupate.

Na hao wapanda farasi wana somo la kutufunza. Fundi wa mabuti yao ya ngozi hapimi wayo peke yake. Huchukua vipimo vitatu, urefu wa wayo, unene wa shavu la mguu, na kimo kutoka sakafuni hata nyuma ya goti, na viwanda vinavyouza mabuti hayo madukani huyatengeneza kwa namba moja ya wayo yakiwa mafupi, ya kadiri na marefu, membamba na mapana, ili mnunuzi achague mseto wake. Tena wanajua kwamba ngozi mpya hukunjika kifundoni na buti likashuka kwa sentimita mbili, tatu au zaidi, kwa hiyo hulinunua likiwa refu kidogo, wakalivumilia mpaka litulie. Mpira haushuki. Buti la mpira lililozidi siku ya kwanza litazidi mpaka siku litakapotupwa, na kwa sababu hiyo haja ya kulipima kimo ni kubwa kwetu kuliko kwao, ambao ngozi yao huwasamehe.

Namba mnayoichapa chini ya soli husema kitu kimoja tu. Katika hesabu ya Ulaya kila namba ni theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo 36 ni kalibu yenye urefu wa sentimita 24. Katika hesabu ya Kiingereza namba hupanda kwa theluthi ya inchi. Hesabu zote mbili ni za wayo, na kwa kiatu cha chini zinatosha. Kwa buti linalofika karibu na goti, namba ya wayo peke yake haijitoshelezi. Fundi wa kanzu akipima shingo ya mteja akaacha kimo chake, kisha akasema kanzu ni ya saizi yake, hakuna mtu katika mwambao huu atakayeipokea. Wako watu wafupi wenye nyayo ndefu, na warefu wenye nyayo fupi. Mwanamke avaaye namba 39 aweza kuwa na mguu mfupi kuliko wa nduguye avaaye 37, wala haiwezekani kumjua kwa kutazama soli.

Huenda mkasema kwamba sheria ya viwango imewafunga mikono. Nimeona haja ya kuliangalia hili kwa makini, na ukweli ni kinyume. Viwango vya kimataifa vya viatu vya kazi, ISO 20345 na ISO 20347, hugawa viatu kwa kimo, tangu kiatu cha chini hadi buti la pajani, na kwa buti la kufika gotini huweka kimo cha chini kabisa kinachokubaliwa: milimita 255 kwa namba 36 na zilizo chini yake, milimita 260 kwa 37 na 38, na hupanda hivyo mpaka milimita 300 kwa 45 na kuendelea. Sentimita 25 na nusu! Mabuti ya namba 36 niliyoyapima madukani kwa futikamba ya fundi cherehani yalikuwa kati ya sentimita 34 na 36, na mguu wangu mwenyewe, kutoka sakafuni hata panapokunjika goti, ni sentimita 36. Kiwango chenyewe kinatambua kwamba mwenye wayo mdogo astahiki buti fupi zaidi, nacho kimewaachia nafasi ya karibu sentimita kumi ambayo mwaweza kuitumia bila kuvunja kanuni yoyote ya kimo.

Sifichi kwamba kalibu ni ghali. Buti la plastiki huundwa kwa kuisindilia plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma, juu ya kiini kilichokwisha kuvikwa soksi ya bitana, na kila namba ina kalibu yake ya kulia na ya kushoto; mwenye kiwanda akiambiwa awe na vimo viwili kwa kila namba, huona mbele yake gharama maradufu. Insafu yataka nisiwaombe hayo yote kwa mara moja. Naomba la kwanza, ambalo ni jepesi: kalibu za namba ndogo, zitakapofika wakati wa kubadilishwa kwa kuchakaa, zichongwe upya kwa kimo cha sentimita 28 hadi 30, na shavu lake lishushwe kwa kadiri hiyo. Buti fupi hula plastiki kidogo, hukauka upesi, na hupungua uzito begani mwa mchukuzi na mguuni mwa mvaaji.

La pili ni mistari ya kukatia. Viko viwanda ng'ambo ambavyo huchora sehemu ya juu ya buti mifereji myembamba ya mviringo, mmoja chini ya mwingine, ili mnunuzi akate kwa mkasi pale panapomfaa na mkato ukae sawa. Kazi hiyo haihitaji kalibu mpya, yahitaji tu mkono wa fundi wa kalibu kwa siku chache. Mkiongeza na upindo mwembamba chini ya kila mstari, na bitana ikashikamana vizuri sehemu hiyo, basi yale yote niliyoyaona kwa fundi wetu wa mjini, ya nyuzi kunywa maji na mdomo kutatuka, yatakuwa yamepata dawa kabla ya ugonjwa. Kwa mwagizaji hili ni jepesi zaidi, kwa sababu hahitaji kuunda kitu. Ahitaji kuandika mstari mmoja katika hati yake ya kuagizia.

La tatu halina gharama hata chembe. Chapeni kimo. Pembeni mwa namba ya wayo ichapwe namba ya kimo cha buti kwa sentimita, na ya mzunguko wa mdomo wake, juu ya soli au juu ya karatasi ya bei. Mkulima wa Mufindi anayemtuma jirani ampelekee buti kutoka mjini aweze kumwambia, "Niletee 36, kimo 30," na jirani asirudi na buti ambalo mwenyewe hakulijaribu. Hapa nawageukia pia waheshimiwa wa mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, ambayo yote mawili ni wanachama wa ISO, shirika la kimataifa la viwango: naomba mtakapopitia kanuni za alama za viatu vya kazi, kimo kiwe miongoni mwa mambo yanayotakiwa kuonekana wazi, na wafupi waalikwe katika kamati wakiwa na futikamba zao.

Kwenu mabwana wa mashamba na viwanda nina neno la peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Kenya, ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 101, humtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga yanayotosha na yanayofaa, viatu vikiwamo. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2003 juu ya usalama na afya kazini. Na Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema kwamba hatua za usalama zisiwe gharama kwa mfanyakazi. Katika mashamba mengi mnyapara huandika katika daftari namba ya wayo, bohari hutoa buti, mfanyakazi hutia sahihi, na kazi ya mwajiri huhesabiwa kuwa imekwisha. Buti linalochubua linatosha katika daftari, lakini halifai mguuni. Na mchuma chai anayempelekea fundi buti alilopewa ili alikate, akalipa kutoka mfukoni mwake, amelipia usalama wake mwenyewe kinyume cha ule mkataba. Siku ya kugawa, awepo mtu mwenye futikamba, na safu mbili, ya kimo na ya shavu la mguu, ziongezwe katika daftari. Kwa watu mia moja kazi hiyo ni ya jioni chache tu.

Kwa kuwa muuzaji na mnyapara watataka kujua namna ya kupima, naieleza. Mtu aketi juu ya kiti, goti likae pembe mraba, nyayo zikanyage sakafu sawasawa, amevaa soksi anazofanyia kazi. Apimwe kutoka sakafuni hata mkunjo wa nyuma ya goti. Buti likiwa limesimama sakafuni, nalo lipimwe kwa nje upande wa nyuma, pamoja na soli, kwa sababu soli nayo humwinua mvaaji na sehemu ya kimo cha buti huliwa na unene wake. Buti lipungue kuliko mguu kwa sentimita tano hivi kwa mtu wa kusimama, na kwa mkamaji, mpalilizi au yeyote wa kuchutama, lipungue kwa saba au nane. Kisha lipimwe shavu la mguu mahali palipo panene, na hapo zitiwe sentimita mbili au tatu za nafasi ya soksi na hewa. Apimwe jioni, baada ya kazi, kwa maana miguu ya mtu aliyesimama kutwa hufura. Mwisho, achutame na buti mguuni, akae hivyo kwa muda wa kuhesabu mia. Akiinuka bila alama nyuma ya goti, buti hilo ni lake.

Yako mengine ningeweza kuyasema juu ya upana wa mdomo, kwa wanawake wenye miguu mifupi na minene pamoja, ambao dhiki yao ni maradufu. Lakini mwenye kukubali kupima kimo atakutana nao njiani, na futikamba ile ile itamwonyesha la kufanya.

Mvua za masika huanza Machi, na najua kwamba shehena za msimu huo huagizwa miezi mingi kabla. Naomba shehena ijayo ije na jozi kadhaa fupi katika kila katoni ya namba 35 hadi 39, zichapwe kimo, ziwekwe mbele ya duka pamoja na nyingine, na hesabu ya mauzo ndiyo iwe hakimu kati yetu. Na kiwanda chochote kitakachotaka kujaribu kalibu mpya kabla ya kuitegemea, wafugaji wa Muheza tuko tayari kupimwa, kuyavaa mabuti ya mfano msimu mzima zizini na mashambani, na kuyarudisha pamoja na maelezo ya kweli ya mahali yaliposhika na mahali yaliposhindwa.

Wasalaam,

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Muheza, Tanga.